Kutabiri, Kubashiri na Kubahatisha

Kiswahili kina maneno matatu kwa kazi ambayo msikilizaji wa haraka angeidhani kuwa moja. Anayetabiri, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ni mfasiri wa ndoto: ana kitu mbele yake, kigumu na chenye kiza, naye anajaribu kukisoma. Anayebashiri ni mleta habari, na aghalabu habari njema, maana neno lenyewe ni ndugu wa bishara. Anayebahatisha hana ndoto ya kusoma wala habari ya kuleta. Amefumba macho na kutia mkono gizani. Wauza kamari katika miji yetu wamelichagua neno la katikati. Hawamwambii mteja aje abahatishe, humwambia aje abashiri. Lakini chombo cha serikali kinachowasimamia hapa Tanzania kinaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo katika jambo hili serikali imekuwa na ulimi mnyoofu kuliko mfanyabiashara, na anayetaka kuishukuru na aishukuru, maana nafasi za namna hiyo si nyingi.

Nimeanza na maneno kwa sababu swali ninalotaka kulitazama linaonekana dogo, hata la kitoto, mpaka maneno yenyewe yatenganishwe. Mechi ya mpira wa kompyuta inakaribia. Timu ni mbili, nazo zinatofautiana kama mbingu na ardhi: moja hushambulia tangu filimbi ya kwanza, nyingine hukaa nyuma ikisubiri kosa la mwenzake. Mtu ameombwa aeleze mapema mambo yatakavyokuwa, na wapo wasomaji watakaoweka fedha zao juu ya maneno yake. Je, ana haki ya kusema? Na akisema, anafanya kazi ipi kati ya zile tatu?

Katika mpira wa nyasi swali hili halisumbui sana. Yanga imekuwapo tangu 1935 na Simba tangu 1936, na mzee aliyezitazama timu hizo kwa miaka 40 ana mengi ya kusoma kabla hazijakutana. Anajua beki gani ametoka kuuguza kifundo cha mguu, kipa gani hutetemeka akizomewa, na kocha gani akifungwa bao la mapema huingiza washambuliaji wote kama mtu anayetupa vyombo nje ya nyumba inayoungua. Anaweza kukosea, na mara nyingi hukosea, lakini kukosea kwake ni kwa msomaji aliyesoma herufi zilizokuwapo. Ndoto ipo, na tafsiri yake inaweza kubishiwa kwa hoja. Ndiyo maana vijiwe vya kahawa haviishiwi maneno.

Sasa tuingie kwenye mpira wa kompyuta. Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa katika kibanda cha gemu, nieleze kwa ufupi. Watu wawili wameketi mbele ya runinga, kila mmoja ana pedi mikononi, na vidole vyake vinawaendesha wachezaji wanaoonekana kwenye kioo. Wachezaji hao wana majina na sura za wachezaji wa kweli, lakini kila walicho nacho kimegeuzwa kuwa namba isiyozidi 99: mbio, mashuti, pasi, chenga, ulinzi, nguvu. Hawaugui malaria. Hawakugombana na wake zao asubuhi. Aliyeandikiwa mbio 95 atakimbia mbio 95 mpaka pumzi imwishie, na hata pumzi hiyo ni namba.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Katika namna moja ya mchezo huo, ambapo kila mtu hujikusanyia kikosi chake kutoka klabu yoyote, wametiwa hata magwiji wa zamani. Lev Yashin, kipa wa Kisovieti, alifariki 1990. Bobby Moore alifariki 1993, na Johan Cruyff 2016. Wote wamewahi kuonekana humo, na mchezo unaruhusu Yashin asimame katika magoli yote mawili ya mechi moja. Moore anaweza kumkaba Moore. Sheikh na padri wa mtaani kwetu bado hawajaulizwa juu ya jambo hili, nami sitakuwa wa kwanza kuwauliza.

Hapo ndipo maneno "timu mbili zenye tabia tofauti" yanapoanza kuyumba. Tabia ya nani? Si ya Yashin, maana yuko pande zote mbili. Si ya klabu, maana jezi ni picha tu, na klabu yenyewe pengine haina habari kwamba jioni hii imeshuka uwanjani. Ukiondoa vyote visivyoweza kuwa na tabia, wanabaki watu wawili wenye pedi. Hao ndio timu. Anayesema timu ya kwanza ina pupa na ya pili ina subira amesema, atake asitake, kwamba mtu fulani ana pupa na mtu fulani ana subira. Amemhukumu binadamu, na kumhukumu binadamu kuna masharti yake.

Lakini wapo watakaoniambia kwamba hata tabia ya mtu huyo ni ya kuazima. Hoja yao ina uzito, nami nitaisimulia kwa urefu kwa kuwa wachezaji wenyewe wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Mwenye pedi humshika mchezaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Wale kumi waliobaki huendeshwa na mashine. Sasa wapo wachezaji ambao wakipoteza mpira huwarudisha watu wao wote nyuma, wakapaki basi kama wasemavyo wapenzi wetu wa soka, kisha wakaiachia mashine kazi ya kukaba. Vidole vyao humshika kiungo mmoja aliye mbali na hatari, wakawa wanamzungusha hapa na pale, na mabeki wanajipanga wenyewe kama walivyoundwa kujipanga. Wapo wengine ambao hawalikubali hilo kabisa. Humshika beki kwa mkono wao, wakatoka naye kwenda kumkabili mshambuliaji, na wakikosea hatua moja mlango uko wazi. Kundi hili la pili huwaita wa kwanza waoga na wezi. Watengenezaji nao hawakukaa kimya: walipotoa FIFA 20 mwaka 2019, walitangaza kwamba wameongeza uzito wa kukaba kwa mkono. (Jina la FIFA liliondoka katika mchezo huo mwaka 2023, baada ya shirikisho na kampuni kuachana, mchezo unaendelea, na vijana wetu wanaendelea kuuita FIFA.)

Mimi siwezi kumwita mwizi mtu anayefanya lililoruhusiwa na kanuni ambazo mwenzake amezikubali pia. Baba wa nyumba hamshiki kila mtoto mkono mchana kutwa. Nahodha wa jahazi hafungi kila kamba mwenyewe. Lakini naona tofauti moja ambayo wanaobishana huipita haraka. Baba ameachia watoto aliowalea, na nahodha ameachia mabaharia aliowafunza; yule mwenye pedi ameachia mabeki waliofunzwa na mhandisi asiyemjua, aliye nchi ya mbali, ambaye hatapewa kombe. Ulinzi ule unaposifiwa, sehemu ya sifa imepotea njia. Hata hivyo anayekaba kwa mkono naye ana kumi wasio mikononi mwake, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ushindi huu ni wangu mtupu. Kilicho chake ni uamuzi. Amefungwa bao moja, dakika zimebaki chache: je, atawatoa watu wake nyuma na kuhatarisha aibu ya mabao matatu, au atakaa vilevile na kukubali kushindwa kwa heshima ndogo? Hapo hakuna mhandisi. Hapo yuko yeye, na moyo wake unadunda kweli, na mkono unaloa jasho kweli, ijapokuwa nyasi ni za uongo. Watu husema hakuna ujasiri katika mchezo ambao mguu hauwezi kuvunjika. Nadhani wanaosema hivyo hawajawahi kuaibika mbele za watu.

Kwa hiyo naamini kwamba utabiri wa kweli wa mechi ya kompyuta unawezekana, lakini kwa sharti moja: mwenye pedi awe mtu anayejulikana. Mfano mzuri ni fainali ya FIFA eWorld Cup, kombe la dunia la mchezo huo, iliyochezwa London Agosti 2019 katika ukumbi wa O2. Wachezaji 32 walifika huko, wakabaki wawili. Mmoja alikuwa Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia, mwenye miaka 19, bingwa mtetezi. Mwaka mmoja kabla, katika ukumbi uleule, alikuwa amemshinda Stefano Pinna wa Ubelgiji kwa jumla ya mabao 4 kwa 0 na kupewa dola 250,000. Wa pili alikuwa Mohammed Harkous wa Ujerumani, mwenye miaka 22. Aldossary alikuwa mtu wa mtambo wa Xbox na Harkous mtu wa PlayStation, na fainali ilikuwa mechi mbili, moja kwa kila mtambo. Kila mmoja alilazimika kucheza nusu ya fainali kwenye chombo cha mwenzake, kama mpishi wa kuni aliyepelekwa kwenye jiko la gesi wakati wageni wameshaketi.

Tazama jinsi mtabiri alivyokuwa na vya kusoma. Bingwa aliyeshinda bila kufungwa hata bao moja katika fainali iliyotangulia: je, kumbukumbu hiyo ni ngao au ni mzigo? Mtu ambaye dunia haimtegemei kushinda: je, hilo humwachia vidole vyepesi, au humfanya ajione amekwisha kufika mbali vya kutosha? Mtambo usio wako: nani huzoea haraka zaidi? Aliyemtaja Aldossary alikuwa na sababu nzito. Harkous alishinda kwa jumla ya mabao 3 kwa 2. Yule mtabiri alikosea, wala sioni deni lolote shingoni mwake, kwa kuwa alisoma kilichokuwapo mbele yake na akasema alichokisoma. Wale wawili walikuwa na majina yao, nyuso zao na historia zao, nao waliketi mbele ya umati. Maneno juu yao yangeweza kupimwa, na wao wenyewe wangeweza kuyajibu.

Sasa kuna mpira mwingine wa kompyuta ambao haufanani na huo wa London isipokuwa kwa picha. Mechi yake ni ya dakika 8, nusu ya dakika 4, na hufuatana mchana na usiku, mwaka mzima. Wachezaji wake hukaa katika vyumba mbali na macho yetu na hutajwa kwa majina ya bandia. Mbele ya jina hilo huwekwa jina la klabu kubwa ya Ulaya, na saa mbili baadaye jina lilelile la bandia linaweza kuwa na klabu nyingine. Mchezo huo unaishi kwa ajili ya kamari, na kamari ikiondoka leo, kesho hautachezwa. Huko nako kuna watu wanaoandika tathmini kabla ya mechi. Husema timu hii ina mashambulizi makali, ile ina nidhamu ya ulinzi, kwa hiyo bashiri mabao mengi. Maneno ni yaleyale ya mzee wa Simba na Yanga. Yamevuliwa mahali penye watu yakavalishwa mahali pasipo na mtu.

Nilisomewa tathmini kama hiyo na kijana fundi wa pikipiki ambaye karakana yake iko karibu na nyumbani kwangu. Alinisalimu vizuri, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba, akaleta simu yake karibu na macho yangu.

"Mzee wangu, wewe mpira unaujua. Hii ya saa nne na nusu, nani anaondoka nayo?"

Nikatazama. Klabu ya Uingereza na jina la bandia. Klabu ya Hispania na jina la bandia.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Simjui, mzee. Ila ameshinda tatu mfululizo."

"Na mwenzake?"

"Naye simjui. Lakini wameandika kwamba anakaba sana."

Fedha aliyotaka kuiweka haikuwa yake. Mteja alimwachia shilingi 35,000 za kununulia pistoni, na duka la vipuri lilikuwa limefungwa kwa ajili ya msiba. Kwa hesabu yake, fedha ile ingelala bure mpaka kesho yake. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kumtaja mshindi kwa kuwa hakuna nimjuaye hapo, na kwamba amana hailali bure, inalala kwa mwenyewe. Alicheka kwa adabu. Alidhani nimejua jina na nimemnyima.

Jioni alirudi na soda mbili, moja yake na moja yangu. Mkeka wake haukuchanika. Timu aliyoitaja ilishinda.

Nimelitafakari tukio hilo kuliko ambavyo ningelitafakari kama angepoteza, kwa sababu angepoteza nisingekuwa na la kufikiri. Ningetikisa kichwa kama wazee wote. Yule mwandishi wa tathmini alisema timu fulani itashinda, ikashinda. Je, alisema kweli? Matokeo yanasema ndiyo. Lakini yeye alikuwa hajui, na alijua kwamba hajui, na aliandika kwa sauti ya anayejua ili fedha ya mtu mwingine itoke mfukoni. Mtu akiniambia mvua imenyesha Tabora, naye hajatoka Tabora wala hajasikia habari za Tabora, amenidanganya hata kama Tabora nzima imelowa. Uongo wake hauko katika mvua. Uko katika kujifanya shahidi. Na ushindi ulimdhuru kijana yule kwa namna ambayo hasara isingemdhuru, maana sasa anaamini kwamba kuna kitu alikisoma.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Tuseme mechi haina sare, na kila upande umepewa 1.85, yaani aliyeweka shilingi 1,000 akishinda hurudishiwa 1,850. Weka watu wawili, mmoja kila upande: zimeingia 2,000, zimetoka 1,850, na 150 zimebaki kwa mwenye duka, ashinde nani ashindwe nani. Asiyejua lolote hupoteza kwa wastani shilingi 75 kwa kila elfu aliyoiweka. Katika mechi ya Jumapili kwa Jumapili hilo ni kama kodi ndogo ya burudani, na sina ugomvi na mtu anayelipia burudani yake. Lakini mechi za dakika 8 zinaweza kuingia tano katika saa moja. Kijana akikaa kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita usiku amepita mechi 30, na zile 75 zimekuwa 2,250, ambazo ni unga wa siku kwa nyumba yenye watoto. Haikuhitajika hila yoyote. Ilihitajika tu mtu wa kumwambia, kila baada ya dakika kadhaa, kwamba timu hii ina pupa na ile ina subira, ili asihisi kwamba amefumba macho.

Utasema, ndugu msomaji, kwamba mtu mzima ana hiari yake. Nakubali, na sipendi wanaotaka kila kitu kipigwe marufuku. Marufuku nyingi nimeziona zikifuga rushwa. Lakini hiari hutumia habari kama taa itumiavyo mafuta. Anayebahatisha akijua anabahatisha yuko huru, hata kama ni mjinga. Aliyeambiwa kwamba anabashiri, na akaonyeshwa tathmini yenye maneno ya kitaalamu, ametiliwa maji katika taa yake. Ndiyo maana lawama yangu haiangukii kwanza kwa fundi, wala kwa wale vijana wasiojulikana wanaobonyeza pedi usiku kucha kwa ujira. Inamwangukia yule anayeandika tabia za watu asiowajua.

Mimi mwenyewe sijaacha kutabiri. Jumamosi hii, kwenye kibanda cha gemu kilicho nyuma ya soko, watakutana wawili ambao nimewatazama tangu mwezi wa Ramadhani. Mmoja ni mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Anapaki basi, hazungumzi akicheza, na akifunga bao huweka pedi magotini na kujifuta viganja. Wa pili ni dobi, hukaba kwa mkono, hushambulia kama anayedai mshahara wake, na akifungwa hugeuka kuwatazama walio nyuma yake kabla ya kuanzisha mpira. Hapo ndipo anapofungwa la pili. Dobi akitangulia kufunga, mwanafunzi atalazimika kutoka nyuma, na sijamwona bado akitoka nyuma, kwa hiyo hapo sijui. Dobi asipotangulia, mwanafunzi atashinda 2 kwa 1, kwa mabao yote mawili ya kushtukiza. Anayefungwa ndiye anayelipa gemu, na gemu ni shilingi 500.